Bolti ya Oili Iliyonifundisha Kushika Spana

Pikipiki yangu niliinunua Iringa mjini mwaka 2013, wiki moja kabla ya kuripoti kituo changu cha kazi wilayani Kilolo. Mimi ni bwana shamba. Kazi yangu ni kuwafuata wakulima waliko, na wakulima wa huku hawakai pembezoni mwa lami. Nyanya ziko mabondeni Ilula, vitunguu viko kule chini Ruaha Mbuyuni ukishamaliza kushuka Kitonga, njegere na viazi viko juu kwenye baridi ya Dabaga. Masika njia ni utelezi wa udongo mwekundu, kiangazi ni vumbi linalokuingia mpaka kwenye fizi. Pikipiki ikilala, na mimi nimelala.

Miaka mitatu ya mwanzo sikuwahi kushika spana. Kila kitu kilikwenda gereji, hata kukaza cheni. Kisha nikaanza kuona vijana wa bodaboda wakimwaga oili wenyewe chini ya mwembe, dakika kumi wamemaliza, nikajiuliza kwa nini mimi nalipia ufundi. Jumamosi moja ya mwaka 2016 nikanunua lita moja ya oili, nikaazima spana kwa jirani, nikaweka beseni chini ya injini.

Spana yenyewe ilikuwa ile ya kuzungusha kwa kidole gumba ili mdomo upanuke au ubane, ambayo mafundi huiita spana malaya kwa sababu inamkubali kila mtu. Mdomo wake ulikuwa umelegea. Nilipovuta mara ya kwanza ikateleza, mara ya pili ikateleza na kula pembe mbili za bolti ya kumwagia oili. Nikafanikiwa kuifungua, oili ikamwagika, nikarudisha bolti. Hapo ndipo nilipofanya kosa kubwa. Niliogopa kwamba oili itavuja njiani, basi nikachomeka kipande cha bomba la maji kwenye mpini wa spana, nikakaza kwa nguvu zangu zote. Haikuvuja hata tone, nikafurahi kabisa.

Mara iliyofuata nilipofungua, bolti ilitoka nzito mpaka mwisho, na kwenye meno yake kulikuwa na kitu cheupe kinachong'aa, kimejisokota kama nywele. Niliporudisha ikawa inazunguka tu, haikazi. Ukimimina oili juu, inatokea chini.

Nikaisukuma mpaka kwa mzee mmoja mwenye gereji ya mabati karibu na mnada.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba Bwana Shamba. Leo unaisukuma?"

Akainama, akaitazama, akaipokea bolti mkononi mwangu. Akaifuta kwa kitambaa na kuuliza nani kaifunga. Nikamwambia ni mimi. Akauliza nilitumia nini, nikamweleza habari ya bomba bila kuficha. Hakunicheka. Alinionyesha ile nywele nyeupe akasema, "Hii ni nyumba ya bolti, mwanangu. Bolti ni chuma kigumu, injini ni aluminiamu, ni laini. Wewe umekaza mpaka moyo wako ukatulia, yenyewe ilishaumia zamani."

Ilibidi tundu lipanuliwe. Bolti ya asili ilikuwa na kichwa cha namba 17 na unene wa milimita 12. Mzee alikata meno mapya kwa tapu ya milimita 14, akamtuma kijana Iringa kuchongesha bolti nyingine kwa fundi wa mashine ya leti. Zikapita siku tatu. Wakati huo kantangaze, yule mdudu anayetoboa majani ya nyanya, alikuwa anamaliza nyanya kwenye wilaya yetu, wakulima wananipigia simu asubuhi na jioni wanataka nije nione majani yalivyotobolewa, na mimi niko nyumbani kwa sababu ya bolti moja. Yule mama wa Ilula aliyepoteza karibu nusu ya shamba lake wiki ile, mpaka leo nikimwona sokoni nakumbuka.

Baadaye nilikaa nikapiga hesabu ili nielewe nilichokifanya. Bolti ya oili ya ukubwa ule inatosheka na nguvu ya kuzungusha ya nyutoni mita 25 hivi. Ukiwa na spana ya sentimita 20, hiyo ni sawa na kusukuma mwisho wa mpini kwa uzito wa kilo 12 au 13, yaani debe la maji lisilojaa vizuri. Mkono ule ule, kwa nguvu ile ile, ukiurefusha kwa bomba hadi sentimita 60, bolti inapokea nyutoni mita 75. Mara tatu. Nami sikusukuma kwa kilo 12, nilining'inia. Spana za namba ndogo zimefupishwa makusudi, na za namba kubwa zimerefushwa makusudi. Urefu wake ndio unaokuambia bolti ile inataka nguvu kiasi gani. Tangu siku hiyo bomba halijarudi kwenye spana yangu kwa ajili ya kukaza. Kufungua kitu kilichoganda kwa kutu, kama nati ya ekseli ya nyuma, hapo nitalitumia, tena baada ya kunyunyizia mafuta ya kulainisha na kusubiri usiku kucha.

Mzee alinipa ushauri mwingine ambao naona ni wa thamani kuliko ufundi alionilipisha. Aliniambia nisiende kununua vifaa mikono mitupu.

Kabla ya hapo nilikuwa nimeshanunua mnadani kasha la plastiki lenye boksi spana za kila namba, vipande arobaini na kitu, linapendeza kwa macho. Nusu yake sijawahi kuzitumia. Nusu iliyobaki zilikuwa zile zenye pembe kumi na mbili ndani, na ukuta mwembamba. Boksi ya 14 ilipasuka nikiwa nafungua nati ambayo haikuwa hata imeganda. Kwenye kasha hilo hilo kulikuwa na spana za inchi zimechanganywa na za milimita. Spana ya nusu inchi ina upana wa milimita 12.7. Ukiivika kwenye nati ya 12 inaingia kirahisi, mtu anafikiri imekaa, kisha inacheza na kulamba pembe zote sita. Pikipiki zetu ni za milimita. Spana za inchi ziachie mashine za zamani za Kiingereza.

Basi safari hii nilikwenda duka la vifaa Iringa mjini nikiwa na mfuko wa bolti zangu: ile ya oili iliyoliwa pembe, nati ya ekseli, bolti ya tangi namba 10, bolti ya kushikia injini namba 14. Nikawa navika kila spana kwenye bolti yake mbele ya muuzaji na kuitikisa. Ikicheza naiacha. Ikishika kimya naiweka pembeni. Muuzaji mwanzoni alikunja uso, mwishoni akawa ananiletea mwenyewe zile anazoziamini. Nilitoka na spana sita tu, 8, 10, 12, 14, 17 na 19, zile zenye ring upande mmoja na mdomo upande wa pili. Ring nataka iwe ndiyo ya kufungulia na kumalizia kukaza kwa sababu inashika bolti pande zote; mdomo ni wa kuzungushia haraka pale palipokwisha kulegea. Boksi spana nikanunua mbili peke yake, za pembe sita, ukuta mnene. Zote zina maandishi ya kromu vanadiamu, ingawa maandishi hayo siku hizi hupigwa hata kwenye vyuma ovyo, kwa hiyo bado naamini zaidi ile njia ya kutikisa.

Kifaa ambacho watu wengi hawakifikirii ni bisibisi ya nyota. Nilikuwa nadhani nyota ni nyota. Skrubu za bakuli la kabureta ziliniharibikia mara mbili, kichwa kinageuka shimo la duara, nami nikilaumu skrubu kwamba ni laini. Kumbe pikipiki za Kijapani, na nyingi zilizoigwa kutoka kwao, zinatumia skrubu za kipimo cha Japani kiitwacho JIS, na nyota ya kawaida ya madukani ni Phillips. Kwa macho zinafanana. Ncha ya Phillips pembe zake zimelala zaidi, haifiki chini ya tundu la JIS, kwa hiyo ukikaza mkono bisibisi inapanda juu na kuondoka na chuma. Skrubu nyingi za JIS zina kitone kidogo karibu na alama ya nyota. Ukikiona, tafuta bisibisi yake. Mimi niliipata kwa fundi wa cherehani na redio aliyekuwa anauza vitu vyake. Ni moja tu, ya ukubwa wa kati, na imeokoa skrubu zote zilizobaki kwenye pikipiki ile. Ninapofungua, nguvu nyingi inakwenda kusukuma ndani na kidogo tu ndiyo ya kuzungusha. Skrubu iliyogoma kabisa naifungua kwa bisibisi ya kugonga, ile ya chuma nene ambayo ukiipiga nyundo kichwani inajizungusha yenyewe kidogo.

Injini yangu ni ya Kichina, cc 125, mtindo wa Honda CG. Nalitaja hili kwa sababu mtindo wenyewe ndio ulionipa moyo wa kuendelea. Honda waliitoa CG125 mwaka 1976 wakilenga nchi ambako pikipiki hubebeshwa mzigo mzito na kukosa matunzo. Haina cheni ya taimingi ndani; kemu iko chini, na fito mbili ndefu ndizo zinazosukuma roka, vile vyuma vinavyobonyeza vali kule juu. Kwa mtu wa nyumbani maana yake ni kwamba tapeti, zile skrubu za kurekebisha nafasi kati ya roka na vali, unaweza kuzirekebisha mwenyewe ukiwa na spana ndogo, plaizi na fila geji, yale majani membamba ya chuma ya kupimia nafasi.

Na tapeti ndizo zilizonisumbua zaidi kuzielewa. Pikipiki ilikuwa inagonga kwa juu, tik tik tik, kama cherehani. Kelele ile iliniudhi. Nikafungua kava, nikakaza skrubu za tapeti mpaka kelele ikaisha, nikaona nimetengeneza. Baada ya wiki mbili ikaanza kukataa kuwaka. Asubuhi ya baridi inawaka, ikishapata moto ukizima haiwaki tena mpaka ipoe, na mlimani haina nguvu. Niligundua sababu kwa kusoma na kwa kumuuliza mzee: chuma kikipata moto kinarefuka. Kama hukuacha nafasi wakati injini ni baridi, ikichemka vali haifungi tena sawasawa, mgandamizo unatoroka, na moto unaopita hapo unaunguza ukingo wa vali. Kelele ndogo ya tapeti ni dalili kwamba nafasi ipo. Tapeti iliyonyamaza kabisa ndiyo ya kuogopa.

Siku hizi nafanya hivi, asubuhi kabla pikipiki haijawashwa. Natoa plagi ili injini izunguke kirahisi. Nafungua kava la kushoto nione rota, naizungusha taratibu mpaka herufi T ikutane na alama ya kwenye kasha la injini. Nashika roka zote mbili kwa vidole. Zikiwa huru kidogo, niko mahali sahihi, na kama moja imekazwa nazungusha tena duru moja kamili. Kisha naingiza jani la fila geji la milimita 0.08 kati ya tapeti na vali. Linatakiwa kupita kwa kukwaruza kidogo, kama unavyovuta karatasi iliyolaliwa na daftari. Nikishakaza nati ya kufungia napima tena, maana nati hiyo ikikazwa huivuta skrubu na kipimo kinabadilika. Mara ya kwanza ilinichukua saa mbili na nusu. Sasa nusu saa, na fila geji niliyonunua kwa bei ya soda chache imenirudishia injini.

Oili yenyewe nimejifunza kusoma nyuma ya chupa. Klachi ya pikipiki yetu inaogelea ndani ya oili ile ile ya injini. Jirani aliwahi kunipa oili ya gari iliyobaki, nzuri, ya bei, na kwa wiki nzima nikawa napanda Kitonga injini inanguruma huku mwendo hauongezeki: sahani za klachi zilikuwa zinateleza. Oili nyingi za magari zina viungo vya kupunguza msuguano, na klachi inaishi kwa msuguano. Natafuta chupa yenye alama ya JASO MA, basi. Nabadilisha kila kilomita 1,500 kwa sababu ya vumbi la huku, injini ikiwa vuguvugu ili uchafu utoke nayo, na kila mara naweka washa mpya ya aluminiamu. Washa hiyo ndiyo inayozuia kuvuja, wala haihitaji nguvu za ajabu. Oili chafu naiweka kwenye dumu. Fundi seremala huja kuichukua apake nguzo dhidi ya mchwa. Kuimwaga chini siwezi. Nimewaona watu wakiimwaga hatua chache kutoka kwenye mfereji unaonywesha nyanya, na nyanya hizo ndizo tunazokula.

Cheni haina mengi ila ina hatari. Yangu ni 428, kila pingili ni milimita 12.7, hivyo pingili ishirini zikiwa mpya zina milimita 254. Nikipima nikakuta zimefika 259 sijaribu tena kuikaza, nanunua seti nzima pamoja na sproketi zote mbili, kwa sababu cheni mpya kwenye meno yaliyochongoka huisha kwa miezi. Kulegea naacha sentimita mbili mpaka tatu katikati ya upande wa chini, na napima pale inapobana zaidi baada ya kuzungusha gurudumu lote. Iliyokazwa kama uzi wa gitaa inaua beringi za gurudumu na za gia mtu akishapanda nyuma. Klipu ya kiungo, ule upande uliofungwa uelekee cheni inakokwenda. Na nasema kwa uchungu, maana namfahamu kijana aliyepoteza ncha za vidole viwili: usisafishe cheni injini ikiwa inawaka. Zungusha gurudumu kwa mkono, injini imezimwa, hata kama inachosha.

Filta ya hewa, ile ya sponji, nilikuwa naiosha kwa petroli jikoni uani, jiko la mkaa likiwa linawaka hatua sita pembeni. Mama watoto ndiye aliyenizuia, na alikuwa sahihi. Sasa naifikicha kwa mafuta ya taa, naisuuza kwa maji ya sabuni, naianika kivulini, kisha naipaka oili kidogo na kuikamua. Ikiwa kavu kabisa vumbi jembamba linapita moja kwa moja hadi kwenye pistoni. Kiangazi hufanya hivyo kila wiki mbili.

Breki zangu ni za ngoma mbele na nyuma. Nafungua ngoma kila baada ya miezi mitatu hivi, nafuta vumbi la breki shuu kwa kitambaa kibichi, sipulizi kwa mdomo. Mshale mdogo kwenye mkono wa breki ukifika kwenye alama ukiwa umekanyaga, breki shuu zimekwisha. Kwa mtu anayeshuka Kitonga na malori nyuma yake, hilo sihitaji kulieleza zaidi. Upepo wa tairi napima kwa geji yangu mwenyewe asubuhi, 25 mbele na 28 nyuma, nikibeba mtu 32, kama kibandiko cha pikipiki kinavyosema.

Kuna kazi siigusi. Kunyoosha ringi kwa kukaza spoku ni kipaji cha masikio na macho, mzee anafanya akiwa anazungumza na wateja, mimi nilijaribu nikaacha. Gia, mkono wa pistoni, sili za shokapu za mbele, hizo zote ni zake. Kuchomelea naye anafanya, nami kabla sijampelekea natoa kwanza waya wa betri. Uhusiano wetu haukufa kwa sababu nimenunua spana. Umebadilika tu: nikifika namwambia nimeshapima nini na nimeona nini, naye anaanzia hapo.

Chini ya kiti nabeba kifurushi kidogo kwenye turubai: spana ya 10, ya 14 na ya 19, spana ya plagi ya 18 iliyokuja na pikipiki, plaizi, bisibisi, tairi liva mbili, viraka na gundi, pampu, klipu ya cheni ya akiba, na plagi mpya kwenye boksi lake. Plagi ile nimeshawahi kumpa mtu aliyekwama Mbuyuni saa tatu usiku akiwa amempakia mgonjwa.

Bolti ya milimita 14 bado ipo pale chini ya injini. Nimeipiga mstari wa rangi nyeupe unaoanzia kwenye kichwa chake hadi kwenye kasha, ili nione kama imejizungusha. Binti yangu wa darasa la sita ndiye anayeikagua siku hizi kabla sijaondoka, anachuchumaa na tochi na kusema, "Baba, mstari umenyooka." Jumapili hii tutabadilisha waya wa klachi, nyuzi tatu zimeshakatika karibu na mkono wa usukani.